Toronto Wameshindwa, na Mama Mkwe Sikumwamkia

Assalaam aleikum Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Maweni hapa Malindi, na kazi yangu ni mapokezi ya usiku katika hoteli moja ya ufuoni. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hakukaliki, na chanzo chake ukikisikia utacheka. Cheka kwanza, kisha unisaidie.

Chanzo ni besiboli.

Zamani kidogo tulikuwa na mgeni, mzee kutoka Toronto, aliyekuwa akija kila Septemba kabla Wataliano hawajajaa mjini. Wenzake wakilala, yeye anashuka mapokezi saa nane za usiku na simu mkononi, maana usiku wetu ndiyo jioni yao na timu yake ndiyo kwanza inaingia uwanjani. Mimi sina pa kwenda, basi nikawa natazama naye. Alinifundisha kwa ndimu na mpini wa ufagio, pale uani karibu na jenereta. Mmoja anarusha, mwingine ana rungu. Akiupata mpira anakimbia kupitia vituo mpaka arudi alipoanzia, na akirudi ni pointi moja. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja hiyo ni homurani, anazunguka kwa mwendo wa bwana harusi, hakuna wa kumgusa. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, na zamu haiishi mpaka watu wake watatu watolewe. Hakuna saa, Shangazi. Hakuna dakika ya tisini wala refa wa kupuliza kipenga. Hata mkiwa nyuma kwa pointi kumi, maadamu mtu wenu wa mwisho hajatolewa, mngali mchezoni. Hapo ndipo nilipokamatika.

Timu yenyewe ni Toronto Blue Jays, pekee ya Kanada katika ligi kuu ya Marekani. Walichukua ubingwa 1992, wakauchukua tena 1993, na baada ya hapo hata fainali hawakuiona. Mwaka 2024 walimaliza mkiani mwa kundi lao. Mwaka 2025 wakaongoza kundi hilo hilo. Usiku walipowatoa Seattle na kuingia fainali, George Springer wetu alipopiga ile homurani ya pointi tatu katika zamu ya saba, niligonga kengele ya mapokezi kwa furaha mpaka mgeni wa ghorofa ya juu akapiga simu kuuliza kama kuna moto.

Fainali ilikuwa na Los Angeles Dodgers, mabingwa watetezi. Anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Mechi ya tatu ilianza kama saa tisa usiku kwetu na ikaenda zamu kumi na nane badala ya tisa, saa sita na dakika 39 nzima. Kazi niliimaliza wakiwa bado wanachuana. Sikuthubutu kupanda tuktuk, mtandao usije ukanikatikia njiani. Nikaketi kwenye ukuta nje ya geti mpaka Freddie Freeman alipotumaliza karibu saa nne asubuhi. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Anakaa wapi?" Nikamwonyesha simu. Hajaniamini mpaka leo.

Jumapili tarehe 2 Novemba ikawa mechi ya saba, kila upande una ushindi mara tatu. Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na amenifuata katika mapenzi haya. Nilipoingia ndani asubuhi ile nilimkuta keshaamka, kapiga mistari nyuma ya daftari la hesabu, safu tisa kwa zamu tisa, tayari kujaza pointi mwenyewe. Tulikuwa tunaongoza. Bo Bichette wetu alikuwa amempiga Shohei Ohtani, mrushaji wa Dodgers, homurani ya pointi tatu mapema kabisa. Zamu ya tisa ikafika tukiwa na 4-3, tunatakiwa kuwatoa watu wawili tu, ubingwa urudi baada ya miaka 32. Akaja Miguel Rojas, mtu asiyejulikana kwa mapigo makubwa, akauvusha ukuta. 4-4. Sisi nasi tukapata nafasi yetu, vituo vyote vitatu vimejaa, mtu wetu akakimbilia nyumbani, yaani pale mpigaji anapoanzia, akatolewa kwa nafasi ya vidole viwili. Zamu ya kumi na moja Will Smith akapiga ya kwake, 5-4. Na hapo bado tulimweka mtu kituo cha tatu! Alejandro Kirk akapiga, rungu likavunjika, mpira ukadunda hadi kwa Mookie Betts, watu wetu wawili wakatolewa kwa pigo moja. Aliyekuwa anaturushia ni Yoshinobu Yamamoto, na jana yake tu alikuwa ametushinda katika mechi ya sita. Mtu hata mkono haumwumi?

Mtoto alichukua raba akaanza kuifuta ile moja ya Dodgers katika safu ya tisa. Hakusema kitu. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka, na akaendelea kufuta meza.

Mimi nikaingia chumbani nikageukia ukuta. Saa tano akafika mama mkwe kutoka Mambrui, hana habari na lolote, amewaletea wajukuu mkate wa sinia. Nilisikia hodi. Nilisikia akiniulizia. Sikutoka. Mke wangu akamwambia nimerudi kazini nimechoka, nimelala, lakini mama alipokwenda uani kunawa alipita dirishani akaniona nimekodoa macho. Akauliza, "Kwani kuna msiba mnanificha?" Aliondoka kabla ya adhuhuri, chai hakuimaliza.

Tangu siku hiyo mke wangu huzungumza nami kwa kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." Anasema alipofariki ami yangu sikujifungia chumbani hata saa moja, na leo nimelazwa kitandani na watu wasiojua kama Malindi iko. Anasema nimemwambukiza mtoto huzuni isiyotuhusu. Barazani nako wananiita Mkanada. Kuna jirani, shabiki wa Manchester United, kila nikipita ananishikia mpini wa jembe kama anataka kupiga. Yule mzee wa Toronto nilimwandikia, akanijibu tu kwamba tutaonana Machi. Ndipo msimu mpya unapoanza.

Kusema kweli, Shangazi, mimi sioni kosa langu. Mwenye huzuni ana haki ya kulala. Lakini nauliza: niiache hii timu? Nimwachishe mtoto kabla hajazama? Na je, mimi ni mzima?

Mpokezi wa Usiku, Malindi

Waaleikum salaam mwanangu,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, hasa hapo pa kengele. Sasa tuzungumze.

U mzima. Mwaka huo huo wa 2025, tarehe 22 Agosti, Harambee Stars walipotolewa na Madagascar kwa penalti pale Kasarani, robo fainali ya CHAN, nchi nzima ililala na kifundo rohoni. Hakuna aliyepelekwa kwa daktari, kwa sababu tuliumia pamoja, na asubuhi kila mtu alikuwa na wa kumlaumu na wa kumpa pole. Wewe umeumia peke yako, kwa mchezo ambao mtaa mzima hauujui. Nani akupe pole? Hata mimi ilinibidi nisome barua yako mara mbili nijue ni nani aliyekuwa akikimbia wapi. Watu watakuambia asiyekubali kushindwa si mshindani; waache, wewe hukushindana na mtu, ulikuwa umeketi nyumbani kwako.

Na hao wa barazani wasikusumbue. Manchester nayo iko mbali, sijasikia kwamba imehamia Ganda au Watamu. Jirani yako muulize habari za Bilbao, tarehe 21 Mei, fainali ya Ligi ya Europa, Tottenham 1, wao 0. Muulize usiku ule alilala ubavu gani. Akimaliza kujibu, mweleze zile zamu kumi na nane kama ulivyonieleza mimi. Nakuhakikishia atauliza maswali.

Sasa nitakuudhi. Umesema huoni kosa lako, nami naliona toka huku.

Kulala ni haki yako. Kusikia hodi ya mama mkwe na kunyamaza si haki ya mtu yeyote. Ilikuwa ni kutoka, kusema shikamoo mama, karibu, pole na safari, mimi nimekesha na sijihisi vizuri, naomba nikajinyooshe. Dakika mbili. Toronto wasingezidi kushindwa kwa dakika hizo. Badala yake mama wa watu amepanda matatu, amevuka daraja la Sabaki na mkate wa sinia mapajani, amekuta mkwewe macho makavu kitandani na binti yake anamdanganya mbele ya watoto. Unadhani alirudi Mambrui akiwaza besiboli? Alirudi akiwaza kwamba mmegombana, au umefukuzwa kazi, au una maradhi mnayaficha. Na hesabu sasa siku zilizopita, ujiulize ameshawaeleza akina nani.

Kwa hiyo utakwenda Mambrui. Hupigi simu, wala humtumi mkeo akakuombee radhi. Siku yako ya mapumziko ya kwanza, oga, vaa kanzu, chukua mke na watoto, nendeni. Mnunulie doti ya leso, lakini soma jina lake kabla hujalipa. Wako waliopeleka matusi ukweni kwa pesa zao wenyewe. Ukifika sema, "Mama, siku ile uliponijia sikukuamkia. Nilikuwa nimeudhika na jambo langu, halikuhusu wewe wala binti yako. Niwie radhi." Basi. Habari za Rojas na zamu ya tisa usizitaje mpaka akuulize mwenyewe. Atakuuliza, maana yale macho aliyoyaona dirishani hayatamtoka. Hapo mwambie ukweli hata kama utaona haya. Mama mkwe akijua kwamba mkwewe analilia mpira atacheka mwezi mzima, na nyumba yako itakuwa imepona.

Nije kwa mkeo. Hapa nimekaa sana, kwa sababu wewe umemwandika kana kwamba anagombana na mchezo, na mimi sidhani kwamba mchezo unamshughulisha.

Umeolewa na usiku, mwanangu. Unaingia kazini jua likizama na kutoka likichomoza. Mkeo analala peke yake mwaka mzima na hajalalamika, ni kazi, watoto wanakula. Saa alizonazo yeye ni zile za asubuhi, tangu unapofika na mkate wa njiani mpaka usingizi unapokuchukua. Oktoba yote saa hizo zilikwenda Toronto. Siku moja zikapita kabisa, ukatokea karibu na adhuhuri ukamwonyesha simu. Swali lake la "anakaa wapi" wewe umelichukua kuwa ni wivu wa bure. Mwanamke gani angeuliza jingine? Halafu msimu ukaisha, akadhani sasa mumewe anarudi, na siku hiyo hiyo ukageukia ukuta.

Kuna jambo umeliandika bila kuliona. Usiku wa Springer uligonga kengele mpaka ukaamsha wageni. Mkeo hakuwepo. Furaha zote za msimu huo umezifanyia mapokezini, na wageni wa watu. Kilichofika nyumbani kwako ni majonzi peke yake. Sasa anawezaje kukupa pole kwa kitu ambacho hujawahi kumwonyesha utamu wake? Amekutana na Toronto siku ya matanga.

Mtafutie asubuhi moja, watoto wakiwa shuleni, umsimulie kuanzia yule mzee na ndimu yake. Simulia na vituko. Mechi ile ya tatu mwonyeshe muhtasari wake, kwamba ni kweli ilikwenda saa sita na ushei na ni kweli iliisha saa ile, ili jambo la mwanamke wa kufikirika lifungwe rasmi. Na kwa kuwa hakuna mechi za ligi mpaka Machi, asubuhi zote za katikati ni zake. Ukirudi, simu iweke juu ya kabati. Hilo la kuzungumza kupitia watoto halitadumu wiki.

La ami yako, hapo kidogo amekuonea. Msiba wa mtu wetu una kazi: kuna kaburi, kuna wageni, kuna sufuria za wali, kuna khitma, mtu hana nafasi ya kujilaza. Huzuni ya mchezo haina matanga. Haikupi kitu cha kufanya kwa mikono, ndiyo maana ilikuangusha kitandani. Lakini hili usimjibu wakati mmenuniana. Baki nalo.

Mtoto. Umeniuliza umwachishe, nami nasema hapana. Mtoto wa miaka kumi anayeamka mwenyewe Jumapili alfajiri na kujipigia mistari kwenye daftari, huyo hujamwambukiza maradhi. Tatizo ni kwamba alikuwa na raba mkononi, karatasi inatoboka, na baba yake ndiye mtu wa pekee Malindi nzima aliyejua anachofuta, na baba yake akaondoka. Hapo ndipo ulipotakiwa kukaa. Si kumwambia nyamaza wewe mwanamume. Kukaa tu, mle hayo mahamri yenu, mumseme Rojas. Bado hujachelewa kulifanya.

Ukikaa naye mfanyie hesabu, maana naona anazipenda. Msimu wa kawaida una mechi 162. Mwaka huo Toronto walishinda 94 wakapoteza 68. Dodgers, mabingwa wa dunia, walishinda 93 wakapoteza 69. Mwulize ni nani aliyeshindwa mara nyingi zaidi, umwache aumize kichwa. Kisha mwambie kwamba katika mchezo huo mpigaji anayefanikiwa mara tatu kwa kila majaribio kumi anahesabiwa kuwa hodari, na mara zile saba anarudi kuketi na wenzake wanampigapiga begani. Sijui mchezo mwingine unaomzoesha mtu kukosa kiasi hicho, na mtoto wa shule anayeogopa alama nyekundu hilo litamfaa kuliko mahubiri yangu.

Masharti ni mawili. Usiku wa shule haamki, hata iwe fainali. Asubuhi atakuta matokeo, naye ataishi. Lakini Toronto wakicheza kwao Jumapili, mara nyingi huanza mchana, saa saba na dakika 37 ya kule. Kwetu hiyo ni saa mbili na dakika 37 usiku. Siku kama hizo, ukiwa huna zamu ya kazi, tazameni wote sebuleni, mama yao akitaka aketi, asipotaka asisukumwe. Sharti la pili, asiwe shabiki wa simu tu. Maji yakitoka mchukue ufuoni pamoja na mdogo wake, na ndimu na mpini wa ufagio, wapige, wakimbie, wachoke. Atakayepiga mpira mwenyewe akaukosa atamwonea huruma Kirk badala ya kumchukia.

Umeuliza kama uiache timu. Huyo mzee wako amesubiri tangu 1993, na amekujibu Machi. Watu wa Boston walikaa bila ubingwa tangu 1918 mpaka 2004. Wale Cubs wa Chicago, tangu 1908 mpaka 2016. Kuna waliozaliwa, wakazeeka na kuzikwa katikati. Sikuelezi haya ili kukufariji. Nakueleza ujue umejiingiza wapi, na kwamba Machi ukifungua simu tena hakuna atakayekuwa amekulazimisha.

Halafu kengele ya watu iache. Mgeni amelipa kulala. Nunua vile vya kuweka masikioni, furahi kimya kimya, na mlango wa geti uwe unausikia. Mwenye hoteli akiisoma safu hii akakutambua, mimi simo.

Shangazi